Maradhi Yasemwe kwa Lugha ya Mgonjwa

Mficha maradhi kifo humuumbua, walinena wahenga. Je, yule asiyeficha, bali akakosa wa kumwuliza kwa lugha anayousikia mwili wake kwayo, tumweke fungu gani? Swali hili limenikereketa tangu nilipotembelewa na bibi mmoja niliyemfundisha isimu miaka kadhaa iliyopita, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya upili huku Pwani.

Mwalimu huyu anaugua multipo sklerosisi. Katika maradhi haya, kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia utando unaozifunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Jina lenyewe lina maana ya makovu mengi, makovu ambayo Mfaransa Jean-Martin Charcot aliyaeleza kwa kina mwaka wa 1868. Atlasi ya kimataifa ya maradhi haya ilikadiria mwaka wa 2023 kuwa wagonjwa duniani ni milioni 2.9, wengi wao wanawake.

Ni maradhi kigeugeu. Leo jicho lina ukungu, kesho mguu ni mzito, mtondo mgonjwa anatembea kama kwamba hakuna lililotokea. Daktari humwona kwa muda mfupi, kisha miezi ikapita. Yanayojiri katika miezi hiyo anayajua mgonjwa peke yake. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Ndiyo maana wataalamu wamebuni programu za simu ili mgonjwa ajipime mwenyewe. Floodlight, iliyobuniwa na kampuni ya Roche, ilimtaka mgonjwa achore maumbo kwa kidole, abinye picha za nyanya kwenye kioo cha simu, na atembee dakika mbili simu ikiwa mfukoni. Nyingine huuliza maswali tu: uchovu wako leo ni kiasi gani, kuanzia 0 hadi 10?

Mwanafunzi wangu alikuwa na programu ya aina hii ya pili, yote kwa Kiingereza. Kwa miezi mitatu, kila jioni, alijaza 3. Nami nilikuwa nimeshasikia kwamba mkuu wake wa shule alimwona mvivu, kwa kuwa vipindi vya alasiri alivifundisha ameketi. Nilimwuliza ilikuwaje ajipe alama ndogo hivyo.

"Mwalimu, mimi sichoki," alinijibu. "Huchoka aliyefanya kazi. Mimi hunyong'onyea hata kabla sijaanza."

Alama ile ya 3 ilikuwa ya kweli, ila ilijibu swali jingine. Kiingereza anakijua vyema, lakini mwili wake haukulelewa kwa Kiingereza. Kiswahili kinatenga uchovu, ulegevu na unyong'onyevu. Mguu uliokufa ganzi sio mguu unaochonyota, wala unaochonyota sio unaowasha. Tofauti hizi ndizo daktari wa neva anazozitafuta, na lugha yetu inazo tayari.

Tulikubaliana aandike kwa Kiswahili katika simu ile ile: amehisi nini, saa ngapi, na kwa muda gani. Baada ya majuma machache picha ilijitokeza. Unyong'onyevu ulimjia wakati wa joto kali la alasiri, ukapungua mwili ulipopoa. Jambo hili si geni katika tiba: Wilhelm Uhthoff aliandika mwaka wa 1890 juu ya wagonjwa waliofifia macho baada ya kujikakamua, na baadaye ikabainika kuwa chanzo ni joto la mwili. Daktari alizisoma kumbukumbu zile akaelewa. Mkuu wa shule naye alizisoma, akamhamishia vipindi vyake asubuhi. Hakupona, kwani dawa ya kuyaondoa maradhi haya haijapatikana. Lakini haitwi tena mvivu.

Wapo watakaosema kwamba maradhi haya ni nadra karibu na ikweta, hivyo tusipoteze muda. Nasema unadra huo ndio unaomfanya mgonjwa wetu ahitaji ushahidi zaidi, maana madaktari wa neva ni wachache na majirani hawajawahi kuyasikia. Wengine watasema programu zitafsiriwe, basi. Tafsiri ya neno kwa neno ingemwuliza tena juu ya uchovu, naye angejaza 3.

Kazi hii ni yetu, walimu na wanafunzi wa Kiswahili. Kila mwaka tunasoma tasnifu chungu nzima juu ya methali na tamathali. Ni tasnifu ngapi zimekwenda katika wadi kusikiliza jinsi Mswahili anavyoyataja maumivu yake? Tuketi na wagonjwa na wauguzi, tuyakusanye maneno hayo, tuwakabidhi wanaotunga programu. Mwenye simu mkononi asilazimike kuugua kwa lugha moja na kujieleza kwa nyingine.