KUJITOLEA SAWA, LAKINI NAULI ANATOA NANI?

Kuna staa mmoja wa Bongo, jina kapuni, katangaza kwenye ukurasa wake kwamba taasisi yake ya kusaidia watoto inatafuta vijana wa kujitolea. Masharti yake sasa! Uwe na diploma au digrii, uzoefu wa miaka 2, laptop yako mwenyewe, na uwe tayari kuripoti ofisini siku 5 kwa wiki. Malipo? Cheti. Na vijana walivyo na njaa ya kazi, wameshajaza namba zao za simu pale chini.

Staa huyu hajaanza yeye. Mchezo huu upo hadi kwenye mashirika yenye magari makubwa meupe na viyoyozi.

Kujitolea kwenyewe hakuna ubaya. Wapo waliojitolea miezi mitatu wakajifunza kuandika ripoti, wakajulikana, wakaajiriwa. Shida ipo kwenye hesabu. Chukua binti wa Mbagala, ofisi ipo Masaki. Kwenda na kurudi akitumia sh 3,000 tu, siku 22 za mwezi ni sh 66,000. Miezi 6 ni sh 396,000. Hapo hajala mchana, hajanunua bando. Hela hiyo anatoa nani? Mama yake anayeuza vitumbua. Yaani taasisi ya kusaidia maskini inaendeshwa kwa hela ya mama muuza vitumbua!

Anayeweza kujitolea mwaka mzima bila jasho ni mtoto wa kishua. Siku nafasi ya mshahara ikitoka, tangazo linataka "uzoefu wa miaka 3", na mwenye huo uzoefu ni yuleyule. Binti wa Mbagala hata kwenye usaili haitwi. Halafu watu wanasema vijana wa uswahilini hawajitumi.

Watetezi watasema wafadhili wamekata hela. Ni kweli, hali ni ngumu. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai 1 mwaka huohuo USAID ikaacha rasmi kuendesha misaada hiyo. Wenye uzoefu walioachishwa kwenye miradi sasa wanagombea nafasi zilezile na waliomaliza chuo jana. Lakini mbona siku ya kugawa madaftari mpiga picha analipwa, MC analipwa, na fulana zenye sura ya staa zinachapishwa? Hela ya nauli ndiyo ikosekane?

Kijana anayetuma maombi asione aibu kuuliza. Taasisi imesajiliwa kwa Msajili wa NGO, chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii? Kuna mkataba wa maandishi, na unaisha lini? Nauli na chakula vipo? Nani atamwandikia barua ya kumtambulisha akiondoka? Wakianza kuzungukazunguka, jibu ameshalipata. Na wakitaka hela ya fomu au ya "usaili", akimbie, hao ni matapeli.

Staa naye asinune. Akianza na vijana watano anaowalipa nauli, ni heshima kuliko hamsini wanaotembea kwa miguu ili yeye apate picha nzuri.

Mdau, unaonaje? Anayejitolea alipwe nauli au avumilie kwanza? Funguka hapo chini.