Jiwe la Msingi Si Mwanzo wa Mradi



Hebu nikuulize. Mara ya mwisho kuona kiongozi akiweka jiwe la msingi ilikuwa lini? Na pale mahali pamesimama nini leo? Ukiuliza hivi barzani Kibokoni watu wanacheka, manake kila mtu ana jiwe lake analolijua. Hema, viti vya plastiki, hotuba, picha. Halafu mabati yanabaki kushika kutu na paka wa Mji wa Kale wanapata pa kulala.

Tukiona hivyo tunamrukia mkandarasi. Wakati mwingine ni makosa yake kweli. Lakini miradi mingi ya serikali hukwama hata kabla trekta la kwanza halijafika, na hukwama kwa vitu vya kuchosha ambavyo hakuna anayevipigia picha: wenye ardhi hawajalipwa, leseni ya mazingira haijatoka, pesa hazimo kwenye bajeti, wananchi hawakuulizwa.

Chukua daraja la Likoni. Wewe na mimi tunavuka kwa feri pamoja na watu zaidi ya laki tatu kwa siku, na sote tunakumbuka Septemba 2019, mama na bintiye walipozama na gari lao pale kivukoni. Desemba mwaka huohuo Kenya ilitia saini na shirika la Japani la JICA mkopo wa zaidi ya shilingi bilioni 40 kwa ajili ya daraja la kuunganisha kisiwa na Likoni. Pesa zikawa na jina, daraja likawa na michoro. Na bado tunavuka kwa feri. Saini ya mkopo haifukui shimo. Kuna nyumba, maduka na viwanja njiani, na Katiba kifungu cha 40 inasema mtu akichukuliwa mali yake kwa manufaa ya umma alipwe fidia ya haki, tena upesi. Kazi hiyo ya kupima, kuthamini na kulipa ndiyo ingetangulia kufanywa kwa bidii, badala ya kuahidiwa daraja kila msimu wa kura.

Hapo utasikia mtu akisema: "Nyinyi wanaharakati ndio mnachelewesha maendeleo, kila kitu kortini." Maneno haya tumeambiwa sana, basi twende Lamu tukayapime.

Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe ulipewa leseni na NEMA mwaka 2016. Juni 2019 Mahakama ya Mazingira ikaifuta, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Bandari ya Lamu nayo: Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe shilingi bilioni 1.76, kwa kuwa haki zao zilikanyagwa na hawakupewa habari wala nafasi ya kusema. Sasa niambie, nani alichelewesha? Mvuvi aliyeuliza samaki wake wataenda wapi, ama ofisi iliyodhani kuuliza watu ni kupoteza muda? Mkutano wa wiki mbili uliorukwa umezaa kesi ya miaka. Mimi binafsi nafurahi makaa yale hayakujengwa. Lakini hata wewe uliyeyataka, lawama yako ingefaa iende kwa waliokimbilia leseni.

Turudi kwetu. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi kisheria tangu 1990. Huwezi kuamka tu ukachimba mtaro ama kubomoa ukuta. Makumbusho ya Taifa lazima wahusishwe. Kila mtu mtaani analijua hili, hata fundi wa milango. Cha ajabu ni kwamba mradi wa serikali unaweza kutangazwa kwanza, kisha ndio mtu akumbuke kuomba kibali. Miezi inapita, mvua za masika zinakuja, na maji yanaingia nyumbani kwa bibi kama kawaida.

Na kuna hii tabia ya mikutano ya maoni. Nimewahi kuona tangazo la mkutano wa hadhara, ofisi siitaji, limebandikwa Alhamisi jioni kwa mkutano wa Ijumaa saa sita na nusu. Ijumaa! Kibokoni! Watu wako msikitini, halafu ripoti inaandikwa kwamba wakazi hawakujitokeza. Tukikubali mambo kama hayo tusishangae mradi ukipingwa baadaye.

Upande wa pesa, shika tarehe moja tu: Septemba 1. Kila mwaka kufikia siku hiyo kaunti inatakiwa iwe imepeleka bungeni mpango wake wa maendeleo wa mwaka wa fedha unaofuata, ule unaoanza Julai 1. Ukija kulalamika Julai kwamba barabara ya mtaa wako haimo, umechelewa miezi kumi. Kweli, hata iliyomo inaweza kungoja, kwa sababu pesa kutoka Nairobi huchelewa na wakandarasi wenye madeni ya zamani hawana hamu ya kazi mpya. Lakini isiyomo haina hata foleni ya kupanga.

Kwa hivyo kabla hujauliza "mtaanza lini?", uliza karatasi. Leseni ya NEMA iko wapi? Kibali cha Makumbusho? Fidia imelipwa nani, na kiasi gani? Mradi uko ukurasa gani wa bajeti? Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu, na kupeleka ombi hakulipiwi. Labda gharama ya nakala tu. Barua inaandikwa kwa Kiswahili ama Kiingereza, ukurasa mmoja unatosha. Wakinyamaza, malalamiko yanapelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Tuanze na wadi yetu, Mji wa Kale/Makadara. Chagua mradi mmoja unaoupita kila siku ukienda kazini, mtaro, choo cha umma, taa, chochote kilichotangazwa na hakijaanza. Piga picha ya bango lake, leta na kitambulisho chako, tukae tuandike barua ya kwanza wiki hii.