Bibi Sara aliporudi kutoka kwa mfalme



Sisi wa Pemba hatuna haja ya kuelezwa sana maana ya mtawala jeuri. Pale Pujini, kusini-mashariki ya Chake Chake, yapo magofu ya ngome ya Mkama Ndume, na wazee wetu wangali wakisimulia jinsi alivyowabebesha watu mawe huku wakijikokota kwa makalio. Jina lake peke yake latosha kuwa khabari.

Nabii Ibrahim (A.S.) naye alikutana na watawala wa namna hiyo. Mmoja alihojiana naye juu ya Mola wake, kama ilivyoelezwa katika Suratul-Baqara, aya ya 258. Wafasiri wengi wamemtaja kuwa ni Namrud. Huyo alinyamazishwa kwa hoja. Wa pili khabari zake zimo katika hadithi ya Abu Huraira (R.A.) iliyopokewa na Imam Bukhari. Huyu hakutaka hoja. Alitaka mke wa mtu.

Ibrahim na Bibi Sara walikuwa wageni katika nchi ya dhalimu huyo. Akapelekewa khabari kuwa ameingia mtu pamoja na mwanamke mzuri mno. Alipoulizwa, Ibrahim alijibu kuwa ni dada yake. Kisha akarejea kwa mkewe, akamweleza alichokisema na maana yake: kwamba katika ardhi ile hapakuwa na muumini ila wao wawili, basi ni ndugu yake katika imani. Hakumwacha akayasikie mambo hayo huko mbele.

Sara akapelekwa. Akatawadha, akasali, akamwomba Mola wake asimpe kafiri yule nguvu juu yake. Mfalme aliponyoosha mkono, alishikwa kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu asiweze kujimudu. Hapo Sara akaingiwa na hofu nyingine: huyu akifa, watu watasema mimi ndiye niliyemuua. Akamwombea afunguliwe. Mfalme akarudia, akashikwa tena. Mwishowe aliamuru mwanamke yule arudishwe kwao, akampa na Hajar, ambaye baadaye alikuwa mama wa Nabii Ismail (A.S.).

Ndugu msomaji, itafakari hofu ile. Mwenye kuonewa ni yeye, aliyenyoosha mkono ni mfalme, na bado ni yeye anayewaza watu watasema nini.

Hofu hiyo tunayo majumbani mwetu leo. Binti anarudi kutoka skuli, au mke kutoka kazini, na kifuani ana khabari ya mtu mwenye madaraka aliyemnyooshea mkono. Akithubutu kuisema, hupokewa kwa maswali: ulivaa nini, ulifuata nini huko, mbona hukupiga kelele? Kisha huingia muhali. Mkosaji ni jirani, ni jamaa, ni mtu mzito mtaani. Basi shauri humalizwa kimya kimya na mtoto huambiwa anyamaze, aibu ya nyumba isitoke nje.

Turudi kwenye hadithi. Sara alimkuta mumewe amesimama katika sala. Ibrahim akamwashiria kwa mkono: kuna khabari gani? Hilo ndilo swali lake. Hakumsimamisha kama mshitakiwa. Sara mwenyewe akaeleza kuwa Mwenyezi Mungu amevirudisha vitimbi vya yule mtu kooni mwake.

Huenda mtu akasema: wale walikuwa watu wa Mitume, na mikono ya madhalimu wa leo haikauki. Ni kweli. Ndiyo maana tumeamrishwa, katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, tusimamishe uadilifu na tutoe ushahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, ijapokuwa ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi au jamaa. Mbele ya aya hiyo muhali hauna pa kusimama. Mzazi amsikilize mwanawe mpaka amalize, kisha afuatane naye kwa sheha, polisi, hospitali na mahakamani, na asiiache kesi njiani.

Ewe Mola wetu, zihifadhi nyumba zetu na mikono ya madhalimu, na utujaalie tuwe watu ambao aliyedhulumiwa hakhofu kurudi kwao. Amin.