Mshamba ni Nani?



Likizo ya Aprili nilikata mtungi mkuukuu wa lita 20, nikautoboa matundu chini, nikatia udongo na samadi, kisha nikapanda dania. Niliuweka kwenye roshani yetu, ghorofa ya tatu. Rafiki yangu alipokuja kunitembelea aliutazama mtungi, akanitazama mimi, akaangua kicheko. "Wee! Siku hizi umekuwa mshamba?"

Nilicheka pamoja naye, lakini neno lile lilinikaa rohoni. Hebu tulitazame, kwani sisi ni Chama cha Kiswahili. Mshamba ni mtu wa shamba. Sasa imekuwaje likawa tusi? Yaani anayekula dania kila siku bila kujua inavyomea ndiye mjanja, na anayeipanda ndiye mjinga? Kioja gani hiki!

Shuleni nako twachangia. Ukichelewa gwaride, jembe. Ukipiga kelele usiku wakati wa kusoma, jembe. Sijaona bado mwanafunzi aliyeongoza darasa akatuzwa jembe. Walimu wetu mniwie radhi, lakini adhabu hii inatufunza somo ambalo halimo katika silabasi yoyote: kwamba kulima ni kazi ya wakosaji.

Na dania si jambo la mzaha. Sukuma wiki hupikwa, lakini dania (kamusi huiita giligilani, na huko Pwani utasikia kotmiri) aghalabu twaila mbichi. Tunaikatia kachumbari, au tunainyunyiza juu ya mchuzi ukishaepuliwa. Kwa hivyo uchafu wa maji iliyomwagiliwa waweza kufika mezani nayo. Jijini Nairobi wapo wanaokuza mboga kwa maji ya mitaro ya taka, na maji hayo hubeba vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Mama mboga simlaumu hata kidogo. Yeye naye huinunua sokoni alfajiri, na hakuna anayemwambia ilikotoka. Ile ya mtungi wangu naijua maji yake.

Msiniambie eti hamna shamba. Mbegu ni zile zile za pilau, ila tafuta zilizo nzima. Kila punje ina mbegu 2 ndani, kwa hivyo nilizibingirishia chupa polepole mpaka zikapasuka, nikaziloweka usiku kucha. Zipande pale pale zitakapokulia, maana mzizi wake huenda chini moja kwa moja na haupendi kuhamishwa. Zitachukua wiki 1 hadi 3 kuchipua. Usikate tamaa ukaanza kufukuafukua kama mimi! Zikitimiza wiki 6 hivi, unachuma.

Kosa langu lilikuwa kupanda zote siku moja. Shule zilipofunguliwa nilimwachia ndugu yangu mdogo, nao nyumbani wakala wakachoka. Niliporudi Agosti niliikuta imerefuka, majani membamba kama nywele, na vichwani maua meupe. Afadhali kupanda kidogo kidogo kila baada ya wiki 2. Lakini mama hakuing'oa. Aliiacha ikakauka, tukapukuta punje zake, nusu kikombe nzima. Zingine ziliingia kwenye pilau.

Sasa nina ombi. Nyuma ya bwalo kuna kile kipande cha ardhi kando ya bomba, ambacho hakimei chochote ila magugu. Namsihi mlezi wetu atuombee hicho kwa mwalimu mkuu. Tutalima Jumamosi baada ya usafi, wale wanaotaka tu. Na anayetumikia adhabu asiletwe pale hata siku moja. Apelekwe akafagie kwingine.

Punje zilizobaki nimezifunga kwenye karatasi, zimo sandukuni mwangu. Rafiki yangu yule amekwisha kuniuliza mara mbili zitapandwa lini.