Si Kila Aulizaye Aelezwe Yote

Ikifika Desemba, shule zimefungwa na koo zimetangaza msimu wa ukeketaji, wapo wasichana wa Tarime na Serengeti wanaotoroka nyumbani usiku. Hukimbilia kituo cha Masanga au nyumba salama ya Mugumu, iliyofunguliwa mwaka 2014. Wengine hupita kwanza kwa mwalimu, au kwa mama kama wewe.

Tuseme binti wa jirani amebisha hodi kwako saa nane za usiku. Asubuhi uko kisimani, mwenzako anauliza, "Nasikia una mgeni?" Hapo wengi wetu mdomo hutuwasha. Tunaeleza ni binti wa nani, nani alimbeba kwa pikipiki, na kwamba kesho anapelekwa Mugumu. Hatuna nia mbaya. Lakini kabla jua halijatua, habari imemfikia baba anayehesabu ng'ombe wa mahari, naye anajua barabara ya kuvizia.

Yule mama wa kisimani alihitaji kujua nini? Ingetosha kumjibu, "Ndiyo, ninaye, hajambo," kisha umuulize habari za shamba. Huo si uongo. Mwenye pikipiki naye anahitaji kujua safari tu, si kisa chote.

Cha ajabu, mama huyo huyo aliyemwaga yote kisimani, akifika polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto husema, "Mimi sijui kitu." Huko ndiko kwa kusema! Taja jina, kijiji, nani anataka kumkeketa na siku iliyopangwa. Umri usiusahau, maana sheria ya mwaka 1998 inamlinda msichana aliye chini ya miaka 18, na mkosaji aweza kufungwa miaka 5 hadi 15.

Tukichangisha sabuni na madaftari kanisani, tuseme ni ya wasichana waliokimbia, yatosha. Jina na ukoo wa nini? Na picha zao kwenye simu ndizo mbaya zaidi: ukiituma kwa kikundi cha kwaya, jioni imefika Mwanza na kurudi hadi kwenye boma alilolikimbia. Miaka kumi baadaye, akiwa mke wa mtu, bado ipo.

Binti mwenyewe naye aulizwe, "Mwanangu, ungependa nani ajue kwamba uko hapa?" Pengine atamtaja mwalimu wake, basi.