KIJANA NA KOKI, KIGOGO NA KIWANDA!

Ukikamatwa Newala na gunia la koki na vipande vya bomba kutoka jengo lililotelekezwa, utaitwa mwizi, na pengine utapigwa kabla polisi hawajafika. Sawa. Lakini tuulizane: jengo lile lilikufaje hata likawa shamba la vyuma chakavu?

Tuanze na reli ya kusini, Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza. Mwaka 1962 ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Ni kijana gani mwenye gunia aliyeng'oa reli nzima?

Kisha viwanda vya korosho. Miaka ya 1970 nchi ilikopa Benki ya Dunia kuvijenga, vikiwemo vya Masasi na Newala. Msimu wa 1973/74 nchi ilipata korosho tani 145,000 hivi. Msimu wa 1986/87 hazikufika hata 20,000! Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, mikorosho ikabaki porini, bei ikawa ya kukatisha tamaa, ubwiriunga ukamalizia. Mashine zikalala. Baadaye viwanda vikauzwa, vingine vikageuzwa maghala. Mkopo ulikuwa wa walalahoi wote, chuma kikawa cha wachache. Kwa hilo hakuna aliyevishwa tairi.

Lakini vijana wenzangu, tusidanganyane. Uchafu wa kigogo hauisafishi spana yako.

Uwanda wa Makonde hauna mto huku juu. Mchanga unameza mvua, maji yanakaa bondeni. Yanavutwa kwa pampu kutoka visima kama vya Mitema, upande wa Kitangari, hadi yapande mlima. Waingereza waliyapandisha miaka ya 1950, Finland ikasaidia kuanzia miaka ya 1970. Mahali pengine bomba bovu ni chakavu tu. Hapa kwetu kila futi ya bomba ni safari ambayo mama yako hatakwenda na ndoo kichwani. Wewe unauza koki kwa kilo, yeye ananunua maji kwa dumu. Mnunuzi wa chakavu anapakia lori na kuondoka. Kiu inabaki kwenu.

Basi tudai yanayowezekana. Halmashauri za Masasi na Newala zibandike hadharani orodha ya majengo ya umma yaliyotelekezwa, na mali iliyomo ndani. Koki, masinki na mabomba yanayofaa yafunguliwe na kufungwa kwenye zahanati na shule zisizo na maji. Kazi hiyo wapewe vijana hawa hawa wenye spana, kwa malipo na stakabadhi. Na kila mnunuzi wa chakavu aandike daftarini ameuziwa nini, na nani.

Kijana atakayekataa kazi hiyo akarudi gizani na msumeno, huyo tutamwita mwizi bila kigugumizi. Ila tukimaliza kumhoji yeye, tuhamie kwa waheshimiwa: kiwanda kiko wapi?