KICHWA KINAUMA, TUMBO LINALIPA



Siku hizi mtu akiumwa kichwa kidogo tu, huyoo dukani. "Nipe viwili." Anameza, hajala kitu tangu jana, anachukua jembe anakwenda shamba. Kesho tena. Wenye kipandauso, kile kichwa cha upande mmoja chenye kichefuchefu na kuchukia mwanga, ndio wanaoteseka zaidi na ndio wanaomeza zaidi. Sisi wa kamati ya gazeti hili tunasema mtindo huu unatuumiza, tuuache.

Hebu tujue kwanza vidonda vya tumbo vinatoka wapi. Zamani ilisemwa ni mawazo na pilipili. Lakini mwaka 1982 huko Perth, Australia, madaktari Robin Warren na Barry Marshall walifaulu kuotesha bakteria wanaoishi tumboni mwa binadamu. Wengi hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall akawanywa bakteria hao mwenyewe, na baada ya siku chache tumbo likamwugua. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Bakteria huyo anaitwa Helikobakta pailori.

Chanzo cha pili ni dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Hizi hupunguza kinga ya ukuta wa tumbo. Mwenye bakteria akizimeza kila mara, hatari inazidi.

Je, bakteria huyu ndiye analeta kipandauso? Wako watafiti waliomkuta zaidi kwa wagonjwa wa kipandauso, lakini haijathibitishwa kuwa ndiye chanzo. Basi mtu asidanganywe kwamba akitibiwa tumbo, kichwa lazima kitapona. Ila njia nyingine iko wazi: kidonda kikivuja damu polepole, damu mwilini inapungua, na upungufu wa damu unaleta kichwa kuuma. Mtu anameza tena! Tena anayemeza dawa za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi mfululizo, dawa zenyewe huweza kumletea maumivu ya kichwa. Huko ni kutia maji kwenye pakacha.

Wako watakaosema zahanati ni mbali na kidonge ni rahisi. Kweli ni rahisi, lakini mtu akitapika damu wakati wa palizi, nyumba nzima inalala njaa.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa Mkutano Mkuu:

1. Duka la ushirika lisimuuzie mtu yule yule dawa za maumivu kila siku kama peremende. Aelekezwe kwa mganga wa zahanati.

2. Mwenye tumbo la kuwaka aombe kupimwa. Kipimo cha choo kipo. Akipewa dawa, ambazo mara nyingi ni za siku 14, azimalize. Asimgawie jirani.

3. Kila nyumba iwe na choo, sabuni ya kunawa na maji yaliyochemshwa. Bakteria hawa huingia kwa mdomo, na wengi huwapata tangu utotoni.

Anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami asingoje asubuhi. Apelekwe hospitali mara moja.

Ndugu, duka ni letu na matumbo ni yetu. Tuje mkutanoni tuamue.

Kamati ya Gazeti la Ukutani